Kura niliyoipiga jikoni

Durham, North Carolina
Agosti

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila joto linatuchemsha, ungedhani tuko Tanga mwezi wa pili. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua asinunue, naituma kwa mtu anayekuja mwezi ujao.

Sasa swali lako. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza kazini nikacheka peke yangu mpaka mgonjwa akaniuliza kuna nini. Eti, "Hiyo Bodi inayowapa leseni, wakubwa wake wanawekwa na nani? Na kama ni wauguzi haohao, si ndiyo kumkabidhi fisi bucha?" Ajabu ni kwamba usiku uliotangulia nilikuwa nimetoka kupiga kura ya kuchagua wajumbe wa Bodi hiyohiyo ya Uuguzi. Niko jikoni, maharage yako motoni, simu mkononi. Wagombea wamepangwa kwa viti: kiti cha muuguzi wa wodini, kiti cha mwalimu wa uuguzi, kila mmoja na maelezo yake mafupi ya kwa nini tumchague. Niliwasoma wote. Maharage yakashika chini.

Ndiyo, hapa North Carolina tunawachagua wenyewe. Wajumbe wa Bodi ya Uuguzi ni 14. Wanane ni wa daraja langu, wauguzi waliosajiliwa (RN), watatu wa daraja lililo chini yetu (LPN), na hao wote wanaingia kwa kura za wauguzi. Waliobaki watatu si wauguzi kabisa, wamo kwa niaba ya wananchi: mmoja anateuliwa na Gavana, wawili na Bunge la jimbo. Muhula ni miaka 4. Ukivuka mpaka, mambo ni mengine. Kule Texas wajumbe wote 13 wa bodi yao ya uuguzi wanateuliwa na Gavana, Seneti ya jimbo inawapitisha, na wanakaa miaka 6. Kuteuliwa namna hiyo ndiyo kawaida ya nchi hii, sisi ndio tulio tofauti. Wauguzi wazee wa hapa wanajivunia sana. Ukikaa nao kantini dakika tano watakukumbusha kwamba sheria ya kwanza Marekani ya kusajili wauguzi ilipitishwa hapahapa mwaka 1903.

Fedha za Bodi zinatoka kwetu. Kila baada ya miaka 2 nahuisha leseni, nalipa ada, na ada hizo ndizo zinazoendesha ofisi. Wajumbe wana kazi zao nyingine. Wao wanakutana na kuamua, mambo ya kila siku yako kwa mkurugenzi waliyemwajiri na watumishi wake. Kwa hiyo tunachagua, tunalipia, halafu tuliowachagua wanatusimamia. Basi umeshaanza kunusa yule fisi wako.

Na fisi alishawahi kuonekana jimbo hilihili, ila kwa madaktari wa meno. Bodi yao ilikuwa na watu wanane: madaktari sita waliochaguliwa na madaktari wenzao, mtaalamu mmoja wa kusafisha meno aliyechaguliwa na wa fani yake, na mwananchi mmoja wa Gavana. Miaka ya 2000 wakazuka watu wasio madaktari wanaong'arisha meno kwa bei ya chini, kwenye saluni na kwenye vibanda vya ndani ya majengo ya maduka. Ukivipita utavijua tu: kiti cha kulalia, taa ya buluu, dada kavaa koti jeupe utadhani anaingia thieta. Madaktari wakaanza kulalamika kwa bodi yao. Sikiliza, Mwanaidi: malalamiko machache tu ndiyo yaliyosema kuna mtu anaweza kuumia. Mengi yalilia bei.

Kuanzia 2006 bodi ikatoa barua zisizopungua 47 kuwaamuru hao watu waache, baadhi zikiwaonya kwamba wanatenda kosa la jinai. Wenye majengo ya maduka nao wakaandikiwa. Barua zina nembo ya bodi ya serikali, nani atabisha? Wakafunga vibanda wakaondoka. Na sheria yenyewe ya udaktari wa meno haikuwa na neno lolote kuhusu kung'arisha meno! Zaidi ya hapo, madaktari 10 walipita kwenye ile bodi kipindi hicho, na wanane kati yao walikuwa wanapata fedha nzuri kwa kazi hiyohiyo.

Tume ya serikali kuu inayolinda ushindani wa biashara ikawashtaki mwaka 2010. Utetezi wa bodi ulikuwa rahisi: sisi ni chombo cha jimbo, sheria ya ushindani haitugusi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Februari 2015 majaji 6 dhidi ya 3 wakawakatalia. Jaji Anthony Kennedy ndiye aliyeandika hukumu. Kwa ufupi, kama wanaoshika usukani wa bodi ni watu walio ndani ya biashara ileile, kuitwa chombo cha serikali hakutoshi. Lazima jimbo liwasimamie kwa vitendo, pawe na mtu asiye na maslahi, mwenye uwezo wa kuusoma uamuzi wao na kuutengua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wewe kidogo. Wengi walioisoma kesi ile wanalaumu kura, wanasema bora Gavana ateue. Mimi sioni. Gavana akiteua madaktari sita wa meno wenye kliniki zao, si walewale? Tazama California: bodi yao ya udaktari ina wajumbe 15, na 13 wanateuliwa na Gavana, lakini madaktari ni wanane dhidi ya wananchi saba. Wingi bado ni wao. Na huwezi kuwatoa kabisa. Muuguzi akiletwa kwa sababu hesabu ya morphine, ile dawa kali ya maumivu, haijalingana kwenye zamu yake, nani ataelewa kama ni wizi au ni usiku wa wagonjwa wengi, kama si aliyewahi kushika funguo za kabati la dawa hizo? Mimi nataka muuguzi awepo. Nataka pia yule asiye muuguzi awepo, na asiwe mmoja peke yake kwenye meza ya watu wanane, maana huyo kazi yake itakuwa kupiga picha tu.

Kura yangu nayo haikukamilika. Kuna mgombea mmoja ambaye maelezo yake yote, mwanzo mwisho, ni kulinda taaluma yetu, kuitetea taaluma yetu, kuikuza taaluma yetu. Mgonjwa sikumwona hata mara moja. Mpinzani wake naye hakunivutia. Kiti hicho nikakiacha wazi nikabonyeza kutuma. Mume wangu akaniuliza nimemchagua nani, nikamwambia chakula tayari.

Neema akiwa bado na nia ya kuja kufanya uuguzi huku, mwambie asikimbilie kununua vitabu vya mtihani wa leseni. Kwanza achague jimbo, kisha asome bodi ya hapo inataka nini, maana kila moja ina masharti yake. Aniandikie mwenyewe, asikutume wewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Zuhura