Njia zinamezwa na hati, kisha tunagombania greda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ugomvi unaojirudia Mufindi, Njombe na Rungwe kila mvua zinapokatika na greda kuingia vijijini. Mwenye shamba anasimama mbele ya greda, mtendaji anaita mgambo, na msimu unapita mbao na viazi vikiwa vimekwama. Lawama huenda kwa mwananchi mkaidi au kwa serikali yenye mabavu. Kwa ninavyoona mimi, kosa lenyewe mara nyingi lilifanyika zamani, siku mashamba yalipopimwa.

Wakati wa kuandaa hati za kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, majirani husimama mpakani, hukubaliana, kisha mpimaji huchukua alama. Njia ya miguu ya mita mbili iliyopita kati yao haina wa kuisemea. Kila mmoja anavuta mpaka hadi katikati ya njia, na ramani inatoka mashamba yamegusana. Miaka mitano baadaye kijiji kinataka lori la Fuso lipite. Zinahitajika mita 6 hivi pamoja na mifereji, na kwa urefu wa mita 200 hiyo ni mita za mraba 1,200. Misindano, yaani miti ya paini, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni zaidi ya miti 130. Mwenye hati anaona anaporwa, wanakijiji wanaona wamefungiwa njia ya babu zao, na wote wana ushahidi mkononi.

Kwa hiyo njia zipimwe kabla ya mashamba. Kamati ya uhakiki itembee na wazee njia moja baada ya nyingine, upana ukubaliwe, vigingi vikae kila kona, na zichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Shamba lianze kupimwa ukingoni mwa njia. Hati zikiwa zimeshatoka, kila anayeachia ardhi asaini kwenye muhtasari wa mkutano: upana, urefu, idadi ya miti, na kama ametoa bure au anadai fidia. Daftari la ardhi la kijiji na hati yenyewe virekebishwe hapo hapo. Kujitolea kwa mdomo ni mtego, maana mzee akifariki watoto wanafungua hati na hawaoni barabara yoyote.

Barabara kuu na za mikoa zina hesabu nyingine. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 30 kila upande, kutoka mita 22.5 za awali. Kipimo huanzia katikati ya barabara, si ukingoni mwa lami, na wengi hukosea hapo wanaponunua viwanja. Alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye jengo humaanisha uko ndani ya hifadhi ya zamani na hulipwi. X ya kijani ni ya aliyeko kati ya mita 22.5 na 30, ambaye anastahili fidia ardhi ikihitajika. Kiwanja chenye upana wa mita 40 barabarani kina mita za mraba 300 katika ukanda huo wa mita 7.5. Si kidogo kwa mtu wa Makambako au Uyole.

Fidia si bei ya ardhi peke yake. Kuna mazao na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea. Hesabu miti pamoja na mthamini, usisaini fomu yenye nafasi tupu, na ubaki na nakala. Malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inadaiwa.

Watu wanapoteza pia miaka kwa kugonga mlango usio wao. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linafaa jirani akikufungia njia. Lakini unayemlalamikia akiwa halmashauri, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha umuunganishe katika shauri na kufungua Mahakama Kuu. Ndivyo ilivyo tangu mabadiliko ya 2020. Shauri lililofunguliwa Baraza la Wilaya hutupwa hata kama mdai ana haki kamili, na inauma kuona hivyo.

Halmashauri zetu nazo zibandike kwenye mbao za matangazo za kijiji, wiki mbili kabla ya greda kufika, jina la kila barabara, upana wake na mashamba itakayoyagusa, ili anayedai chochote aje na hati yake ofisini kabla mti haujang'olewa.

Mkazi wa Mafinga,
Mufindi, Iringa