Tungojee neno "ila"

Mhariri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha bodaboda hapa Kawangware. Kazi yangu ni daftari: nani ametoa mia yake ya wiki, nani ana deni, nani kafiwa. Ndiyo maana jambo hili nililiona kabla ya wenzangu, na sikulielewa.

Mwaka 2023 mwenzetu mmoja alifika stejini asubuhi akalipa deni lake lote, Sh1,350. Haikuwa kawaida yake. Kisha akavua jaketi lake la mvua, lile zito tulilokuwa tukimwonea wivu, akampa kijana mgeni wa steji. Tulimsifu. Nikaandika "amemaliza" na kupiga mstari chini. Siku ya tatu jioni tukapigiwa simu kwamba amejaribu kujiua.

Alipona, kwa rehema za Mungu na za jirani aliyemgongea mlango akiomba kiberiti. Lakini hospitalini tulidanganya, tukasema ni ajali. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ana kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili, na mtu wa boda hahitaji kufundishwa kuogopa polisi. Daktari alitibu alichoambiwa. Mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani bila kuulizwa lililomsibu moyoni, na lawama hiyo ni yetu.

Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pamoja na chama cha madaktari wa akili. Habari hiyo niliwasomea wenzangu kwa sauti. Mmoja akauliza, "Sasa si watu watajiua ovyo?" Mwingine akaleta habari za Gor Mahia, na mambo yakaishia hapo.

Nimezifikiria sana salamu zetu. Ukiulizwa habari za nyumbani, hata kama umetoka kuzika, huanza na "nzuri". Ukweli huja baada ya "ila": nzuri, ila mtoto anaumwa, nzuri, ila landilodi amefunga nyumba. Stejini hatufiki huko. "Vipi?" "Poa." Abiria huyo, pikipiki inawaka. Mwenzetu aliniambia baadaye kwamba wiki ile kila aliyemuuliza "vipi" alimjibu "poa". Alikuwa na mikopo minne ya simu na mkewe alikuwa amerudi kwao. Hata hivyo anakataa niseme ni madeni yaliyomfikisha pale. Usingizi, anasema, ulikuwa umemhama miezi mingi kabla ya hayo yote.

Ilinichukua muda kumuuliza waziwazi kama bado anafikiria kujiua. Niliogopa kumtia wazo kichwani. Sasa najua kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Alinyamaza, kisha akasema, "Si kila siku." Wiki hiyo tulienda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Alisisitiza tushukie Pangani tutembee kwa miguu, ili makanga asije akaitangaza steji ya Mathari na matatu nzima ikageuka kututazama.

Katiba ya kikundi chetu ilikuwa na Sh30,000 za jeneza na gari la maiti, lakini haikuwa na hata shilingi ya nauli ya kliniki. Tumeibadilisha. Siku hizi kila Jumatatu, michango ikiisha, nafunga daftari tunakaa nusu saa. Wengine hucheza na simu zao, na hilo halinisumbui. Juzi mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kunikemea kuhusu hesabu, alisema usiku hulala macho wazi. Hakuna aliyecheka.

Nanyi wa magazeti, Mhariri, mna sehemu yenu. Habari za kujiua huchapishwa zikieleza njia aliyotumia marehemu hatua kwa hatua, na kichwa cha habari kimeshaamua kwamba kiini ni mapenzi au deni. Shirika la Afya Duniani huwashauri wanahabari wasielezee njia wala kudai kwamba sababu ni moja tu. Chini ya kila habari ya aina hiyo wekeni nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo mtu hupiga bure. Mimi nimeiandika kwa rangi kwenye kibanda chetu cha steji, juu ya orodha ya nauli, mahali ambapo kila mtu lazima atazame.

Mwenzetu ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina. Jaketi alirudishiwa mvua za Aprili zilipoanza, na kwenye daftari langu ana deni la Sh400.

Katibu wa kikundi cha bodaboda,
Kawangware, Nairobi