Kisigino kwanza, kola baadaye

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na pole kwa vifundo. Barua yako imefika. Unasema kila ukisimama kwenye skeiti zako, hizi za magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, miguu inalala kwa ndani, na umeshauriwa ununue nyingine zenye kola (ile sehemu ya juu ya kiatu inayozunguka mguu juu ya kifundo) ndefu na ngumu zaidi. Nakuomba usinunue kwanza. Kifundo kinacholala mara nyingi hakidai ugumu. Kinadai kisigino kikae mahali pake, na goti liachiwe njia ya kwenda mbele.

Tuanze na mguu wenyewe, kwa kuwa kiatu ndicho kinachopaswa kuufuata. Tunachokiita kifundo ni viungo viwili vilivyopandana. Cha juu hupandisha wayo na kuushusha. Cha chini, kilicho juu tu ya mfupa wa kisigino, ndicho kinachoupindua wayo ndani au nje. Kati ya viungo hivyo kuna kifupa kimoja ambacho ni kipana mbele kuliko nyuma. Goti likisogea mbele, ile sehemu pana huingia katikati ya mifupa miwili ya mguu na kubana kama kabari, kifundo kikatulia chenyewe bila msaada wa plastiki yoyote. Ukisimama wima au ukiegemea nyuma, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki pale, na kifundo kinalegea.

Sasa utaona kwa nini sikubaliani na wanaosema kiatu kigumu ndicho salama. Kola inayokataa kukunjika kwenda mbele inakunyima uthabiti ulio nao mwilini, halafu inajifanya kukuuzia mwingine. Tena uzito unarudi kwenye visigino, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, skeiti haigeuki unapotaka, na ukianguka unaangukia mgongo. Kiatu kinachofaa kina tabia mbili kwa pamoja: pembeni hakiyumbi, mbele kinakubali.

Katika skeiti za gamba gumu, kazi hiyo hufanywa na bawaba. Gamba la chini linashika wayo, kola inashika ugoko, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa boliti mbili, moja kila upande, karibu na vifundo. Boliti hizo zikiwa juu mno au chini mno kuliko kiungo chako, kola na mguu vitazunguka kwenye vitovu tofauti, na kila ukikunja goti kola itapanda na kushuka kwenye ugoko kama pampu. Hapo ndipo ngozi inapochubuka, na watu wakalaumu soksi. Gusa vifundo vyako kwa vidole: kifupa cha nje kimekaa chini na nyuma kidogo kuliko cha ndani. Maana yake mhimili wa kiungo umeinama, na hakuna bawaba iliyonyooka inayoweza kuufuata kikamilifu. Tofauti iliyobaki humezwa na sponji ya kiatu cha ndani, kile laini kinachokaa ndani ya gamba. Sponji ikishalala, tofauti hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye mfupa.

Kola inayocheza si udhaifu wa ubunifu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya skeiti ya Rollerblade ilitoa breki inayotegemea mwendo huohuo: unasukuma mguu mbele, kola inainama nyuma, kijiti kinashuka na kuibana breki ardhini, magurudumu yote yakiwa bado chini. Bila bawaba, breki ile isingekuwepo.

Aina nyingine zinagawa kazi hii kwa njia zake, na ni vizuri uzijue usije ukalinganisha visivyolingana. Viatu vya mbio hukatwa chini kabisa, kwenye vifundo au chini yake. Hapo msaada wote unatoka kwenye kikombe cha kaboni kinachobana kisigino, na misuli inafanya yaliyobaki. Viatu vya hoki hufungwa kwa kamba hadi juu na havina bawaba, kwa hiyo mkunjo wa mbele unatafutwa kwenye kamba: ukiacha tundu la juu kabisa bila kamba, unapata nafasi zaidi ya kukunja goti. Vya slalomu, mchezo wa kupita kwa kupindapinda kati ya koni, ni vigumu sana pembeni kwa sababu mtu anasimama kwenye gurudumu moja au mawili na kila kosa linaonekana. Vya kuruka na kuteleza kwenye vyuma vina kola iliyolegezwa nyuma ili mguu uchuchumae. Viatu laini, vyenye kitambaa kilichozungukwa na kola ya plastiki, vina raha siku ya kwanza, lakini uangalie kama ile kola ni kola kweli. Katika vingine vya bei ya chini ni urembo tu ulioshonewa juu ya kitambaa. Shika kola kwa mkono mmoja na fremu, yaani sehemu inayoshika magurudumu, kwa mwingine, sukuma pembeni. Ikikunjika kama kadibodi, iache hapohapo.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo muuzaji hatakufanyia. Ukiwa peku, kiungo cha kifundo kiko kama sentimita 8 kutoka ardhini. Kikiinama digrii 5, kinasogea pembeni takriban milimita 7. Juu ya skeiti, kiungo hichohicho kinaweza kuwa sentimita 18 juu. Digrii zilezile 5 sasa ni karibu milimita 16, na chini yako hakuna wayo mpana bali magurudumu yenye upana wa milimita 24 yaliyochongoka, yanayogusa ardhi kwa ukanda mwembamba tu. Ndiyo maana kosa lisilosikika kwenye raba linakuwa kubwa kwenye skeiti. Na ndiyo maana, kama unaanza, magurudumu manne ya milimita 76 au 80 ni rafiki kwa kifundo kuliko matatu ya 110, ambayo kwa kawaida hukuinua zaidi.

Haya, chukua skeiti zako ulizonazo. Kwanza pima miguu. Jioni, ukiwa umesimama na uzito wako wote, kisigino kikigusa ukuta, pima hadi ncha ya kidole kirefu kwa milimita. Pima yote miwili, ufuate ule mrefu. Linganisha na urefu wa ndani wa kiatu ulioandikwa na mtengenezaji, si namba ya raba zako. Ukisimama wima vidole vinatakiwa viguse mbele kwa wepesi, na ukikunja magoti virudi nyuma kidogo. Kama vinacheza hata umesimama wima, kiatu ni kikubwa, na hicho ndicho chanzo ninachokishuku kwako kabla ya kingine chochote. Kiatu kikubwa kinaacha kisigino kielee, na kisigino kinachoelea kinapinduka ndani ya gamba hata gamba liwe la chuma. Kuvaa soksi mbili ni kuongeza kitu kingine cha kuteleza. Vaa moja, nyembamba, inayopita juu ya kola.

Kisha ufungaji, na hapa mpangilio ni muhimu kuliko nguvu. Legeza kila kitu mpaka ulimi utoke mbele. Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara tatu nne, vidole vikiwa vimeinuliwa. Kama una mkanda ule wa mshazari unaopita juu ya wayo kuelekea kisigino, funga huo kwanza. Ndio unaokirudisha kisigino nyuma na chini. Fuata kamba: vidoleni zilegee, katikati ya wayo zishike bila kubana, karibu na mkunjo wa kifundo zikaze. Bizimu ya kola iwe ya mwisho, na uifunge ukiwa umesimama na magoti yamekunjwa mbele. Ukiifunga umekaa, mguu umenyooka, unakuwa umeufungia kifundo kwenye mkao uleule uliolegea niliokueleza. Baada ya dakika 10 simama ukaze tena kidogo, maana sponji imeshapata joto na kulala.

Dalili za kukosea utazisikia mwenyewe. Ganzi chini ya wayo ni kamba za katikati zilizokazwa mno. Maumivu juu ya wayo, pale kamba zinapopita kwenye kano inayoinua vidole, ni kamba zilizozidi au ulimi uliohamia upande. Uvute katikati, na uruke tundu moja pale panapouma. Kuungua chini ya upinde wa wayo dakika tano tu baada ya kuanza mara nyingi ni misuli inayong'ang'ania kiatu kikubwa. Kwenye kifupa cha kifundo usiweke pamba juu yake, utaongeza shinikizo. Kata sponji yenye unene wa milimita 5 umbo la pete, tundu likae juu ya kifupa, uibandike nje ya kiatu cha ndani.

Ukishafunga vizuri, simama kwenye zulia au majani, magoti yamekunjwa, mtu akutazame kutoka nyuma. Kano ya kisigino na magurudumu viwe mstari mmoja. Kama bado unalala ndani, vua skeiti usimame peku kwa mguu mmoja sekunde 30. Upinde wa wayo ukianguka hata peku, tatizo ni la wayo, na soli ya ndani yenye upinde imara itakusaidia kuliko kola yoyote. Kama peku umenyooka na kwenye skeiti unalala, tazama fremu.

Fremu nyingi zimefungwa kwa boliti mbili, mbele na nyuma, katika matundu marefu yanayoruhusu kusogea pembeni. Legeza, usitoe. Sogeza fremu kuelekea upande ambao kifundo kinaangukia. Kwa hiyo kama kinalala ndani, fremu inakwenda ndani, ili magurudumu yakae chini ya uzito badala ya kuuacha ukining'inia. Anza na boliti ya nyuma, milimita 2, kaza, endesha dakika 20, ndipo uamue kama unaongeza. Wengi husogeza yote mara moja, wakaanza kulala nje, wakadhani fremu ni mbovu. Usishangae mguu wa kulia ukitaka kipimo tofauti na wa kushoto.

Ukiwa na spana ya L mkononi, angalia pia boliti za kola. Zikilegea upande mmoja, kola inapinda na mguu mmoja tu unaanza kulala. Watu hulaumu mguu. Kaza mpaka mchezo wa pembeni uishe lakini kola bado inakwenda mbele na kurudi kwa kusukumwa na mkono. Ukikaza mno, umeigeuza bawaba kuwa ukuta. Tone la gundi ya kufungia nati, ile isiyo ya kudumu, linatosha kwenye uzi wa boliti, lakini lisigusane na plastiki maana gundi hizo zinaweza kuipasua. Tazama kando ya tundu la boliti kama kuna mstari mweupe au ufa, ndipo plastiki inapoanza kuchoka. Kama mahali pa boliti pana ribiti, yaani pini ya kudumu iliyogongwa isiyo na uzi, hapakazwi. Ikilegea, kiatu kimekwisha. Na usitishike skeiti zikionekana laini zaidi mchana wa jua kali, plastiki hulegea kwa joto na kukakamaa kwa baridi.

Limebaki la mwili, nalo ni fupi. Simama mbele ya ukuta, kisigino kikiwa chini, ukisogeza goti liguse ukuta. Sogeza kidole gumba nyuma kidogokidogo mpaka goti lishindwe. Ukipata karibu sentimita 10 kati ya kidole na ukuta una mkunjo wa kutosha. Ukiwa chini ya 5, hata kola laini kuliko zote itaonekana ngumu, kwa kuwa kinachokuzuia ni kigimbi chako. Nyoosha kigimbi goti likiwa limekunjwa, sekunde 30 mara tatu kila mguu, kila siku, na kwa sasa weka kabari ya milimita 5 chini ya kisigino, ndani ya gamba. Ongeza kupanda kwa ncha za vidole, 15 mara tatu, polepole wakati wa kushuka. Na vaa kinga za mikono. Tunazungumza vifundo vya miguu barua nzima, lakini wanaoanguka kwenye skeiti huumia kifundo cha mkono kuliko popote.

Niandikie vipimo vinne: urefu wa kila mguu kwa milimita, urefu wa ndani wa kiatu, umbali uliopata ukutani, na kama boliti za kola ni za kukaza au ni ribiti. Nikivipata nitakwambia kama skeiti hizo zinatengenezeka au la.

Rafiki yako,
Mwajuma