Mpiga mbizi anaweza kuwa wakili, ila kalenda ipangwe mapema

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaoamini kwamba mpiga mbizi wa kiwango cha Olimpiki akisomea sheria, lazima kimoja kimshinde. Sikubaliani nao. Sammy Lee wa Marekani alihitimu udaktari mwaka 1947, akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya kuruka majini kutoka jukwaa la mita 10 jijini London mwaka 1948, kisha akairudia Helsinki mwaka 1952 akiwa daktari wa jeshi. Sheria haina zamu za usiku wodini. Ina kusoma kwingi, na kusoma kunagawanyika.

Wengi huangushwa na viganja na kalenda.

Viganja havizungumzwi kabisa. Anayeruka kutoka mita 10 huingia majini kwa kasi inayokaribia kilomita 50 kwa saa, mikono imenyooka juu ya kichwa, viganja bapa ili maji yasiruke. Kishindo cha kwanza hupokelewa na vifundo vya mikono. Mtu huyo akiketi kesho yake kuandika kwa kalamu mtihani unaochukua muda wa saa tatu, maumivu humfupishia majibu, na msahihishaji hana namna ya kujua sababu. Kocha amtoe jukwaani siku kadhaa kabla ya mtihani, afanye mazoezi ya nchi kavu kwenye trampolini, au aruke ubao wa mita 1 akitanguliza miguu. Chuo nacho kiombwe mapema, kwa barua ya daktari, aandike kwa kompyuta.

Kalenda ndiyo ngumu zaidi. Mbizi mpya kama ile yenye namba 5253B, yaani kupinduka kinyumenyume mara mbili na nusu huku ukijizungusha mara moja na nusu, haifundishwi wiki ya mitihani. Aliyekosa usingizi hupoteza hesabu hewani, akafungua mwili mapema au akachelewa, akatua kwa mgongo. Mbizi mpya ziwekwe likizo ndefu. Muhula ukianza, anoe zile anazozijua. Mwaka wa Olimpiki achukue nusu ya masomo, na kila kesi aifupishe kwenye ukurasa mmoja: mambo yaliyotokea, hoja, uamuzi, sababu. Ukurasa huo unasomeka kati ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni.

Mafunzo ya vitendo katika ofisi ya mawakili hayagawanyiki hivyo. Mteja na mahakama havisubiri mashindano ya kufuzu, kwa hiyo yaanze baada ya Michezo.

Ofisi hizo zisimwogope. Mpiga mbizi hukabidhi orodha ya mbizi zake kwa maandishi kabla ya shindano. Akiruka yenye namba tofauti na iliyotangazwa, hupata sifuri hata iwe nzuri namna gani. Amezoea kusoma alichotia saini.

Naomba vyama vya mchezo huu vivipelekee vitivo vya sheria tarehe za mashindano kabla ratiba za mitihani hazijachapishwa. Zikishachapishwa, kuzibadili kwa ajili ya mwanafunzi mmoja ni vigumu mno.

Wako,
Kocha wa kupiga mbizi