Bia ya ndoo si chang'aa, na busaa pia muiache

Mhariri,

Kuna barua ya msomaji wa Nakuru mlichapisha juzi, anasema ati hawa watu wanajitengenezea bia nyumbani na mikebe ya kuagiza kutoka ng'ambo ni wapika chang'aa tu wenye pesa, na ati ipo siku watapofusha mtaa mzima. Nikaona wacha nijibu, juu hiyo maneno ya kupofuka ikishaingia kwa gazeti watu wanaibeba hivyo hivyo mpaka matangani na huko haitoki tena.

Mimi niko Migosi hapa Kisumu na hii kazi ya kuchachua bia kwa ndoo naifanya, si ya kuuza, ni ya kunywa na mashemeji na jirani mmoja wawili wikendi.

Sasa tuanze na hiyo sumu. Hamira ikila sukari ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, inatoa ethanoli, ndiyo ile pombe ya kawaida, pamoja na hewa ya kaboni inayofanya povu, basi. Methanoli ndiyo inaua macho, na kwa vinywaji vya kuchachua inatokana hasa na pektini, ile kitu iko kwa matunda na maganda yake, na shayiri haina pektini ya maana, kwa hivyo kwenye bia utapata chembe tu ambayo haimfanyi mtu kitu. Wale watu walikufa Mei 2014 kule Embu na kaunti zingine hawakuuliwa na hamira, waliuliwa na mtu aliyechukua methanoli ya viwandani akaitia kwa pombe ndio apate faida haraka. Huyo ni muuaji, na anaweza kuitia kwa kinywaji chochote hata kile kina lebo safi dukani. Na wewe ukinywa kitu mahali alafu macho yaanze kuona ukungu usilale ukingoja asubuhi, enda hospitali usiku huo huo.

Chang'aa nayo inachachushwa kwanza kama bia, alafu inawekwa kwa moto na mvuke unakusanywa, ndio maana inakuwa kali. Kwa ndoo yangu hakuna moto wa kukusanya mvuke, hakuna pipa, hakuna paipu. Mkebe ukiufungua ndani ni kimea cha shayiri kilichochemshwa mpaka maji yakaisha karibu yote, kilo moja na nusu na zaidi, cha kunata vibaya sana, ukikiangusha kwa sakafu utapiga deki mpaka jioni, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, ulishaingizwa huko huko kiwandani. Unakiyeyusha na maji moto, unaongeza sukari kilo moja, unajaza maji ya kuchemshwa na kupoa mpaka lita 23, unanyunyiza hamira juu na kufunika. Hiyo ni nusu saa. Saa zingine zote ni za kuosha vyombo, na hapo ndipo kazi iko kweli kweli, kila kitu kioshwe na kiuliwe vijidudu, na kama unatumia Jik basi suuza na maji ya kuchemshwa mpaka harufu iishe kabisa, juu klorini ikikutana na kimea bia itanuka dawa ya hospitali na hutainywa. Hata maji ya bomba nachemsha kwa sababu hiyo hiyo.

Aina ninayopenda ni ile wameandika golden ale kwa mkebe, ya rangi ya dhahabu. Watu wanadhani ni kitu cha mababu wa Waingereza lakini wapi, ni ya juzi tu, huko Uingereza bia ya Exmoor Gold ilitoka 1986 na Summer Lightning ikafuata 1989, walitaka kuvuta watu wa laga, bia kama Tusker, warudi kunywa eli, ile bia yao ya zamani. Ndio maana mtu amezoea Tusker akionja haikatai, na nguvu ni karibu sawa, hiyo yangu inakuja kama asilimia 4 na Tusker ni 4.2.

Shida yetu huku ni joto, si sumu. Hamira ya eli inataka nyuzi 18 mpaka 22 hivi, na Kisumu mchana unagonga 30, na pia ndoo yenyewe ikichachua inajipasha moto ndani ikazidi hata ile ya chumba. Ukiiacha tu hapo kwa kona itachachua kwa fujo siku mbili iishe, alafu unapata bia inanuka rangi ya kucha na asubuhi kichwa kinapasuka, na hapo ndipo jirani atasema si niliwaambia. Dawa yake haitaki pesa: ndoo ikae ndani ya karai kubwa lenye maji, uivishe fulana kuukuu iliyolowa mpaka chini ifike kwa maji, hiyo nguo inajivutia maji yenyewe na upepo wa dirisha unayakausha, ndoo inapoa. Mimi naongeza chupa za maji zilizogandishwa, moja asubuhi moja jioni, ile imeyeyuka inarudi kwa friza, kama stima haijapotea. Ukigusa ndoo kwa kiganja unasikia ubaridi wa nguo, na ukiweka sikio karibu na kale kamrija ka kuachia hewa unasikia blup, kimya, blup, basi ujue hamira inaenda pole pole vile unataka. Watu wa Nakuru usiku wao ni baridi bure kutoka kwa Mungu na ndio wanatuandikia barua za kulalamika.

Sukari tumieni ile nyeupe ya kawaida, ama hata bora muipunguze na muongeze kimea cha unga bia isiwe nyepesi sana. Sukari guru wacheni kabisa kwa hii, hata kama ni bei nafuu na iko kila soko, itawaharibia rangi na kuleta ladha yake nzito ambayo kwa golden ale haina kazi.

Alafu hopsi. Ni maua ya mmea wa kutambaa, unataka mchana mrefu wa kiangazi ndio utoe maua vizuri, na sisi hapa ikweta mchana ni masaa 12 mwaka mzima, ndio maana hamtaona shamba lake Nyando. Karibu zaidi wanalima kule George, Afrika Kusini. Tunapata iliyokaushwa na kushindiliwa vidonge vya kijani. Povu likishatulia, siku tatu nne kabla ya kujaza chupa, unatupa gramu 30 hivi kwa ndoo bila kuchemsha. Haiongezi uchungu sana juu uchungu unataka kuchemshwa muda mrefu, hiyo inaleta harufu tu, kama ni hopsi ya aina ya Cascade utasikia maganda ya balungi na maua, nyumba nzima inajua.

Lakini kazi yake kubwa si harufu. Hopsi inazuia wale bakteria wa kuchachisha maziwa, ndio bia inakaa miezi. Hebu fikirieni busaa sasa. Mama anakanda unga wa mahindi, anauacha uchachuke, anaukaanga kwa bati juu ya moto mpaka nyumba inanukia, anachanganya na maji na kimea cha wimbi alichootesha na kukausha mwenyewe, inachachua, inachujwa ama wazee wanaizunguka kwa chungu na mirija yao mirefu. Hiyo ni kazi ya ujuzi kunishinda mimi na mkebe wangu, walai. Anageuza wanga kuwa sukari kwa kimea chake mwenyewe, mimi hiyo nilifanyiwa na kiwanda. Tofauti ni kwamba hana hopsi, kwa hivyo siku mbili tatu busaa imekuwa chachu lazima inyweke yote sasa hivi. Hata hiyo uchachu si sumu. Sasa niambieni, kwa nini polisi wakiingia mtaani wanamwaga chungu cha huyo mama aliyesomesha watoto nacho, na hakuna siku nimesikia wameenda kule kwa mageti ya matajiri kumwaga ndoo ya mtu wa mkebe?

Kitu moja nakubaliana na ile barua, chupa kulipuka ni kweli inatokea. Lakini sababu ni haraka. Mtu anajaza kabla hamira haijamaliza ama ile sukari ya kuleta povu kwa chupa anaitia kwa kupima na jicho. Inatakiwa nusu kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, tena baada ya haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, kusoma namba ile ile siku mbili mfululizo, kwa bia hii inaanza kama 1.040 na kushukia kama 1.010. Msiazime ile ya kupimia maziwa kwa watu wa ng'ombe, nyingi zinaanzia 15 yaani 1.015 na bia ikikaribia kuisha inazama mpaka mistari yote inafunikwa. Chupa ni zile za kahawia, juu mwanga ukipiga hopsi kwa chupa nyeupe inanuka vibaya.

Sasa kuhusu sheria. Ile ya kudhibiti vileo ya 2010, wengi wanaiita ya Mututho, yule mbunge aliyeipeleka bungeni, ilifanya hata chang'aa iwe halali ikiwa na leseni, lakini inasema mtu asitengeneze wala kuuza kileo bila leseni, na leseni zenyewe Katiba imepea kaunti. Hakuna mahali imetenga kando kile mtu anatengeneza cha kunywa nyumbani bila kuuza, kiwe changu ama cha huyo mama. Uingereza waliondoa sharti la leseni kwa bia ya nyumbani 1963, mwaka ule ule tulipata uhuru, bora tu usiuze. Marekani Rais Carter alisaini yao 1978, mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, kama lita 378, na nyumba ya watu wazima wawili mara mbili yake.

Ombi langu kwa wabunge wetu wa huku Nyanza na Magharibi ni mstari mmoja tu kwa hiyo sheria: kileo cha kuchachushwa nyumbani, kisichokusanywa mvuke, kisichouzwa, kisichopewa mtoto chini ya miaka 18, kiruhusiwe kwa lita kadhaa, na busaa ihesabiwe sawa na mkebe. Wakiogopa namba kubwa waanze na lita 23 kwa nyumba kwa mwezi, ndoo moja. Mimi hiyo nakubali hata leo.

Msomaji wenu,
Migosi, Kisumu