Mbao mbichi inakerezwa, acheni kuiogopa

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna haya maneno kila siku nayasikia kwa mafundi, eti mti ukiangushwa lazima gogo likae pembeni mwaka au miaka ndo uanze kukereza bakuli (kulichonga likizunguka kwenye mashine), ukikereza bichi unaambiwa unaharibu mbao. Mi nabisha. Kwa bakuli hasa, kusubiri gogo zima likauke ndo njia ya uhakika ya kupata kuni.

Ukweli ni kwamba mti mbichi una maji ya aina mbili, yale yaliyojaa kwenye vitundu na yale yaliyonywewa na kuta za nyuzi zenyewe. Ya kwanza yakitoka mbao inapungua uzito tu. Kasheshe inaanza unyevu ukishuka chini ya kama asilimia 30 hivi, hapo nyuzi zinaanza kusinyaa, na hazisinyai sawa: kufuata mzunguko wa pete za mti mbao inapungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka moyo kwenda kwenye gome, na kwa urefu wa gogo ni kama hakuna kitu. Sasa gogo la duara lenye moyo wake ndani litapumulia wapi? Linapasuka tu. Kaangalie kichwa cha gogo lolote lililoachwa juani, utakuta nyufa zimeanzia katikati zimetawanyika kwenda nje, halafu mtu analaumu aina ya mti.

Anayejua kazi haachi gogo likae. Analipasua kwa kupitia kwenye moyo, anautoa moyo wote, vichwa anavipaka nta au hata rangi nzito maana maji yanatokea kwa kasi sana kwenye vichwa kuliko ubavuni, na akipata muda anaweka kwenye mashine mapema anakereza bakuli la awali, nene. Unene mafundi wengi wanachukua moja ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 unaacha ukuta wa sentimita 3, ili likishapinda (na litapinda, usijidanganye) ubaki na nyama ya kulirudisha duara. Ukuta uwe sawa mdomo mpaka kitako, ukiacha kitako kinene mdomo unakauka kwanza unaanza kuvutana na chini na hapo ufa haukosi.

Na raha yake sasa! Maranda yanatoka marefu kama utepe, maji yanakurukia usoni, vumbi hamna, patasi inakata laini. Ila ukimaliza futa mashine vizuri kutu isikupate, na miti yenye tanini nyingi (ile kemikali chungu ya kwenye mti) usiiache imegusana na chuma, inashika madoa meusi.

Kukausha wala sio uchawi. Bakuli liingie kwenye mfuko wa karatasi na maranda kidogo, yakilowana sana badilisha uweke makavu, liwekwe kivulini pasipo na upepo mkali. Mfuko wa plastiki uliofungwa achana nao, unafuga ukungu. Halafu pima kwenye mizani, andika uzito na tarehe kwa penseli pale chini ya kitako, rudia kila wiki, uzito ukigoma kushuka ujue limelingana na hewa ya hapo, lirudishe kwenye mashine ulimalize. Mambo ya kubonyeza kidole na kusema "limekauka hili" ni kubahatisha.

Kuna wanaolimalizia bichi siku hiyohiyo, sina ugomvi nao, mradi ukuta uwe mwembamba milimita 3 au 4 na wamwambie mteja kwamba litajikunja lenyewe na ndo uzuri wake. Ninaowalalamikia ni wale wanaokereza bichi nene, wanapiga msasa, wanapaka vanishi wanauza kama kavu, wakati vanishi inachelewesha maji tu haiyazuii, mteja akifika nalo nyumbani linapasuka mdomoni. Kwa hiyo mnunuzi aulize swali moja, hili lilikerezwa mara moja au mara mbili? Akiambiwa mara moja na akishika ukuta anaona ni mnene, aliache palepale mezani.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa kerezo