Barua kwa Baba Neema: Mkulima Anapoingia Katika Kutunga Sheria

Fargo, North Dakota, Marekani

Ndugu yangu Baba Neema,

Nakusalimu wewe, Mama Neema na watoto, na naomba unifikishie shikamoo zangu kwa wazee wote wa hapo Mbozi. Barua yako nimeipata, na kwa kuwa umeniuliza jambo zito, sikutaka kukujibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Umesema wazee wa kata wanakusihi uchukue fomu ya udiwani, nawe unasita kwa kuwa huna hakika kama mtu aliyezoea mahindi na kahawa yake anaweza kukaa katika kikao cha kupitisha sheria ndogo bila kumezwa na wenye maneno mengi. Umetaka kujua pia wakulima wa huku ninakoishi hufanyaje. Nitakueleza habari za jimbo hili, kwa sababu sijapata kusikia mahali pengine ambapo wakulima wenyewe waliingia bungeni kwa wingi hivyo na kuacha alama ambayo mtu anaweza kwenda kuiona leo.

Nianze na kalenda, maana ndiyo iliyonishangaza kwanza. Bunge la jimbo hili hukaa Bismarck, mji mkuu wa jimbo, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na katiba inalipatia siku 80 tu za kukaa kwa kila miaka miwili. Huanza mapema Januari, ardhi ikiwa imeganda na hakuna anayelima, na kwa kawaida humaliza kazi kabla kupanda ngano hakujashika kasi. Kwa hiyo mkulima anaweza kuwa mbunge na bado akabaki mkulima. Akipitisha sheria ya bima ya mazao au ya barabara za vijijini, anarudi kuishi chini ya sheria hiyo. Kuna kanuni nyingine ninayoipenda zaidi: kila muswada unaoletwa ni lazima usikilizwe mbele ya kamati na upigiwe kura, hata kama mwenyekiti hautaki. Niliwahi kukaa nyuma ya chumba cha kamati ya kilimo nikasikiliza. Mwananchi yeyote anasimama, anataja jina lake na mji wake, anasema alilonalo. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kampuni ya mbegu alikuwa anaeleza jinsi maji ya mfereji wa jirani yanavyolalia shamba lake, na mbunge aliyemuuliza maswali alijua hata aina ya udongo wa eneo hilo, kwa sababu naye analima huko huko. Maswali ya namna hiyo hayaandikwi na karani.

Lakini hali hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Miaka zaidi ya 100 iliyopita wakulima wa ngano hapa walikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa nafaka wa Minneapolis, katika jimbo jirani la Minnesota. Mkulima alifikisha ngano yake kwenye ghala lililo kando ya reli, mnunuzi akaipanga daraja kwa jicho lake, akakata uzito kwa madai ya takataka, akataja bei. Ngano hiyo hiyo ilipofika sokoni ilichanganywa na nyingine na kuuzwa kwa daraja la juu. Wewe unayeijua lumbesa, unayejua jinsi gunia linavyoshonewa kilemba cha mahindi yasiyolipiwa, huhitaji nikueleze uchungu huo.

Aliyewapa wakulima hoja isiyojibika alikuwa Edwin Ladd, mwanakemia wa chuo cha kilimo cha hapa Fargo. Mwaka 1916 kutu nyeusi ya shina ilishambulia mashamba, punje zikasinyaa, na wanunuzi wakaiweka ngano hiyo katika daraja la chakula cha mifugo, kwa bei ya kutupa. Ladd hakuandika malalamiko. Alichukua ngano ile, akaisaga katika kinu kidogo cha majaribio, akaoka mikate, akapima, kisha akaonyesha kwamba ngano iliyoitwa ya mifugo ilitoa unga mzuri wa mkate. Tangu hapo mkulima alipodai kwamba anaibiwa, alikuwa na ushahidi wa kuweka mezani.

Wapiga kura walikuwa wamekwisha kubali, mwaka 1912 na tena 1914, kwamba jimbo liweze kujenga ghala lake kubwa la nafaka, lakini bunge la mwaka 1915 likakataa kulijenga. Inasimuliwa hadi leo kwamba mbunge mmoja aliwaambia wakulima warudi nyumbani wakalishe nguruwe. Mwenyewe alikana kusema hivyo, ila maneno yalikwisha enea. Mwaka huo huo Arthur Townley, mkulima wa mbegu za kitani aliyefilisika bei ilipoanguka, alianzisha umoja ulioitwa Nonpartisan League, yaani umoja usiofungamana na chama. Watu wake walizunguka mashambani kwa magari ya Ford, wakaketi jikoni kwa mkulima mmoja mmoja, wakakusanya ada. Hawakuunda chama kipya. Waliingia katika kura za mchujo za chama chenye nguvu na kuwasimamisha wakulima wenzao. Mwaka 1916 Lynn Frazier, mkulima wa kijiji cha Hoople, akachaguliwa gavana, na umoja ukapata wingi katika baraza la wawakilishi.

Hapa, Baba Neema, naomba usome polepole. Hawakufanikiwa mara moja. Nusu ya maseneta, wajumbe wa baraza la pili la bunge, hawakuwa wamemaliza muhula wao, nao wakazuia mpango mkuu wa wakulima. Ilibidi wasubiri uchaguzi wa 1918, walipopata mabaraza yote mawili, ndipo mwaka 1919 wakapitisha kwa wiki chache walichokuwa wamekipigania kwa miaka. Walianzisha Benki ya North Dakota, mali ya jimbo, kwa mtaji wa dola milioni 2, na ikafungua milango tarehe 28 Julai 1919. Waliidhinisha kinu cha unga cha jimbo, ambacho kilianza kusaga mwaka 1922 mjini Grand Forks. Waliweka bima ya jimbo dhidi ya mvua ya mawe. Wapinzani walikwenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1920 mahakama hiyo ikaamua kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Kinu hicho bado kinasaga. Benki nayo ipo, na busara yake ni kwamba kwa sehemu kubwa haigombanii wateja na benki ndogo za vijijini. Inashirikiana nazo katika kukopesha, na ina mikopo maalumu kwa wakulima wanaoanza. Mimi huona hiyo ndiyo kazi ya mtunga sheria anayejua shamba: alipata nafasi ya kugawa fedha mara moja, akachagua kujenga chombo kitakachomhudumia mjukuu wa jirani yake.

Sitakuficha upande wa pili. Umoja ule ulijaa magomvi, ukashutumiwa kwa kupendelea watu wake, na mpango wake wa kujenga nyumba ulileta hasara. Oktoba 1921, bei za mazao zikiwa zimeporomoka, wapiga kura walimwondoa Frazier kabla ya muhula wake kwisha, gavana wa kwanza nchini Marekani kuondolewa kwa kura ya namna hiyo. Hata hivyo, siku hiyo hiyo walikataa kuivunja benki. Waliwahukumu watu, wakakitunza chombo. Nami naamini walikitunza kwa sababu kila mmoja alijua kilitibu kidonda gani.

Tena usidhani kwamba wakulima wakiwa bungeni wote huwa na sauti moja. Tangu mwaka 1932 sheria iliyopitishwa na wananchi wenyewe ilizuia makampuni kumiliki mashamba hapa, isipokuwa, kwa marekebisho ya baadaye, kampuni za familia. Mwaka 2015 bunge lililegeza sheria hiyo kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Chama cha wakulima kikakusanya saini, na mwaka 2016 wapiga kura wakaufuta ulegezaji huo kwa zaidi ya asilimia 75. Mwaka 2023 muswada mwingine ukapita, safari hii kampuni za kufuga zikiruhusiwa kwa masharti, ardhi yao isizidi ekari 160. Waliounga mkono walikuwamo wakulima, waliopinga walikuwamo wakulima. Mwenye ekari elfu kadhaa na kijana anayekodi shamba hawalali na hofu ileile, na anayesema "mimi ni mkulima" bado hajasema anamsemea nani.

Sasa nirudi kwako. Ushauri wangu ni kwamba uchukue fomu, lakini kabla ya hapo fanya kazi aliyoifanya Ladd. Chagua jambo moja ambalo diwani ana uwezo nalo kweli. Ushuru wa mazao hutozwa na halmashauri, na magulio yako chini yake. Huko ndiko sauti yako itakakofika. Bei ya mbolea usiiahidi, maana haiko mikononi mwa diwani. Tafuta mzani wa kuaminika, pima magunia yanavyotoka shambani na yanavyopokelewa na mnunuzi, andika tofauti kwa mwezi mzima wa mavuno, na uwaombe majirani, pamoja na akina mama wanaouza debe mojamoja, wafanye vivyo hivyo. Daftari hilo likiwa mkononi, yeyote atakayebishana nawe kikaoni atalazimika kubishana na uzito.

Pia zungumza na Mama Neema mapema kuhusu shamba. Vikao vya kwetu havifuati msimu kama vya Bismarck, na palizi haitakusubiri. Ni vema ijulikane tangu sasa nani atasimamia kahawa wakati wewe uko kwenye kamati. Nisingependa uache kulima, kwa sababu thamani yako katika kikao hicho inatoka shambani.

Niandikie unijulishe wazee wamepanga kukutana lini na ni nani mwingine anayetajwa kugombea. Ukishapata mzani, nitumie picha za kurasa za kwanza za daftari, nikusaidie kuzipanga katika jedwali.

Ni mimi ndugu yako,
Baba Amani